Diski Moja, Mifumo Mitatu: Kipi Kiwe cha Shirika?

Katika vijiji vya kale vya Wahaya, tangu Bukoba hadi Muleba, ardhi iligawanywa kwa busara. Kila kaya ilikuwa na kibanja chake, yaani shamba lililoizunguka nyumba, lenye migomba, mibuni na maharage. Nje ya vibanja ilitanda rweya, mbuga ya nyasi iliyotumiwa na wanakijiji wote: humo walichunga mifugo, na humo walikata nyasi za kuezekea nyumba na za kutandaza chini ya migomba. Kibanja kilipata rutuba yake kutoka rweya, lakini hakuna aliyeingiza ng'ombe wake katika migomba ya jirani kwa kisingizio kwamba ardhi ni ya wote. Watu walijua kipi ni cha nyumba na kipi ni cha shirika.

Nimeanza kwa habari za ardhi, ingawa nia yangu ni kuzungumzia kompyuta, kwa sababu naamini kwamba shule zetu nyingi za sekondari hupoteza kazi za wanafunzi kwa kutojua tofauti hiyo hiyo ndani ya diski. Maoni yangu ni haya: kompyuta moja ya shule yafaa kubeba mifumo endeshi ya Linux zaidi ya mmoja, na mifumo hiyo yafaa kushirikiana fungu moja la diski, lakini ishirikiane kazi za watu, isishirikiane mazoea ya programu. Atakayechanganya mambo haya mawili atajuta, kama nilivyojuta mimi.

Kwa nini mifumo mingi?

Nchi yetu haikuchelewa kuijua kompyuta. Ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia mwaka 1974 zilikuwapo saba tu nchini kote. Mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo lilidumu miaka mingi. Leo kompyuta zimeenea, lakini zile zifikazo shuleni aghalabu ni kuukuu, zimekwisha kutumika ofisini kwingineko. Tangu Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipoacha kuhudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida, mashine nyingi za namna hiyo zimebaki bila njia ya kupanda kwenye toleo jipya, kwa kuwa Windows 11 haizikubali.

Hapo ndipo Linux inapotufaa. Kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Zana nyingi zinazokizunguka zilitokana na mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman huko Marekani mwaka 1983. Leseni yake yamruhusu kila mtu kuinakili na kuisimika mara nyingi apendavyo. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ya kazi za ofisini.

Basi kwa nini mifumo mitatu isiwe mmoja? Kwa sababu shule ina kazi za aina tatu zisizopatana. Kwanza, kuna kazi ya kila siku: kuandika barua, kutunza alama, kufundishia. Kazi hii yataka mfumo mtulivu usiobadilika ovyo. Pili, kuna kujifunza. Mwanafunzi wa kompyuta asiyeruhusiwa kuharibu kitu hatajifunza kitu. Hana budi kupewa mfumo autenge na kuuunganisha, na ukifa leo usimikwe upya kesho. Tatu, kuna kuhama: toleo jipya litokapo, yafaa lijaribiwe kando ya lile la zamani kwa muhula mzima kabla ya kuliamini. Hakuna mwalimu wa kemia anayefanyia majaribio ya asidi juu ya meza ya mkuu wa shule. Kwa nini basi tufanye majaribio ya kompyuta juu ya mfumo ule ule unaotunza alama za mitihani?

Kosa la kwanza: nyumba isiyo na kuta

Katika shule moja niliyopata kufundisha, ambayo sitaitaja, kompyuta ilisimikwa kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: diski nzima fungu moja, mfumo mmoja, kila kitu humo. Chama cha Jiografia kilikuwa na kipimamvua, na kwa miaka miwili vijana walikwenda kila asubuhi kusoma milimita za mvua na kuziingiza katika jedwali. Mjini Bukoba, ambako ziwa hutuletea mvua kuliko sehemu nyingi za nchi, takwimu za miaka miwili mfululizo zilizokusanywa kwa mikono ya vijana ni hazina.

Siku moja umeme ulikatika mfumo ukiwa katikati ya kujisasisha. Kompyuta haikuwaka tena. Fundi aliyeitwa alikuwa na haraka, na hakuwa na diski nyingine ya kunakilia. Akafanya alilolijua, akasimika mfumo upya juu ya ule wa zamani. Jioni kompyuta ilikuwa nzima, na mvua ya miaka miwili ilikuwa imekauka. Tuliokoa kurasa za miezi minne tu zilizokuwa zimeandikwa daftarini.

Sikumlaumu fundi. Nyumba na mali zilikuwa kitu kimoja. Aliyebomoa nyumba alizika na mali. Lau kazi za vijana zingekuwa katika fungu lake, mfumo ungefutwa na kusimikwa mara kumi bila kupotea tone moja la mvua ile.

Kosa la pili: kuvunja kuta zote

Baada ya msiba huo niliazimia kujirekebisha, nami nikaenda upande wa pili kupita kiasi. Nilisimika mifumo miwili, Debian ya zamani na nyingine mpya zaidi, nikaifanya itumie folda moja ya /home, ambamo Linux huweka vitu vyote vya kila mtumiaji. Nilidhani nimemaliza kazi. Kwa wiki ya kwanza nilijisifu. Wiki ya pili matatizo yakaanza.

Sababu ni hii. Ndani ya /home hamna barua na picha peke yake. Mna pia mafaili yaliyofichika, ambayo majina yake huanza kwa nukta, na humo kila programu huandika mazoea yake: rangi ya uwanja wa kazi, kurasa zilizohifadhiwa, namna ya kuhesabu. Programu mpya ifunguliwapo hukuta mazoea ya zamani, huyageuza yafuate mtindo wake, na kuyahifadhi hivyo. Kesho mtumiaji awashapo mfumo wa zamani, programu ya zamani hukuta maandishi isiyoweza kuyasoma. Firefox, kwa mfano, tangu mwaka 2019 hukataa kutumia jalada la mtumiaji lililokwisha kufunguliwa na toleo lake jipya zaidi, kwa sababu watunzi wake walijua madhara yake.

Tatizo la pili lilinishtua zaidi. Linux haimtambui mtu kwa jina. Humtambua kwa namba. Katika Debian na Ubuntu mtumiaji wa kwanza hupewa namba 1000, wa pili 1001, na kuendelea. Fedora ilikuwa ikianzia 500 hadi ilipobadili utaratibu huo mwaka 2011. Sasa fikiri: katika mfumo wa ofisi mwalimu wa taaluma ni namba 1001, katika mfumo wa majaribio namba hiyo hiyo ni ya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Katika fungu la shirika, faili la mwalimu limeandikwa tu kwamba mwenyewe ni 1001. Mwanafunzi awashapo mfumo wake, kompyuta kwa uaminifu kabisa humkabidhi mtihani wa majaribio wa mwalimu kana kwamba ni mali yake. Hakuvunja mlango, sisi ndio tuliompa ufunguo.

Mpaka uwekwe wapi?

Kutokana na makosa hayo mawili nimejifunza kuchora mpaka, nami napenda kuueleza kwa utaratibu ili walimu waupime.

Kibanja cha kila mfumo ni fungu lake la mzizi, pamoja na folda zake za /usr, /etc, /var na hata /home. Vitu hivi visishirikiwe kamwe. Kila mfumo hutunza orodha ya programu ulizozisimika. Mifumo miwili ikishika ghala moja na daftari mbili, kila mmoja utaondoa bidhaa ambayo mwingine waitegemea. Kadhalika folda ya /boot: mifumo miwili ya ukoo mmoja huweza kuyapa mafaili ya kiini majina yale yale, na mmoja ukafuta kiini cha mwenzake.

Rweya ni fungu moja kubwa la kazi, ambalo mimi huliita /shirika. Humo ziwemo nyaraka, picha, majedwali na vitabu. Ndani ya /home ya kila mfumo viwekwe viungo tu vya kuelekeza huko. Hivyo mwanafunzi aandikapo insha katika mfumo mmoja huikuta katika mwingine, lakini mazoea ya programu hubaki kila moja nyumbani kwake.

Lipo pia fungu la kubadilishana, ambako Linux huhamishia vitu kumbukumbu inapojaa. Kwa kuwa mifumo hii haiwaki wakati mmoja, fungu moja laweza kuihudumia yote. Lakini kuna masharti mawili. Usiuache mfumo mmoja katika usingizi mzito kisha ukawasha mwingine. Mfumo ulalao hivyo huandika taswira ya kumbukumbu yake katika fungu hilo, na taswira hiyo yaweza kupotea. Ubaya uliozidi ni kwamba mfumo ule ukiamka utadhani /shirika iko kama ulivyoiacha, nao utaandika juu ya mabadiliko ya mwenzake. Hapo mafaili huvurugika. Sharti la pili: usimikapo mfumo mpya usikubali fungu la kubadilishana liundwe upya. Likiundwa upya hupewa namba mpya ya utambulisho, na ile mifumo mingine itakaa ikilisubiri lile la zamani, mara nyingi sekunde 90 kila iwashwapo. Wanafunzi wengi wamedhani kompyuta yao imezeeka, kumbe inamsubiri mgeni asiyekuja.

Katika kompyuta zitumiazo UEFI lipo fungu dogo la kuwashia, lililobuniwa tangu mwanzo liwe la shirika: kila mfumo huwa na folda yake humo. Tahadhari ni moja tu, kwamba matoleo mawili ya Ubuntu hutumia jina moja la folda, na la pili hulifunika la kwanza. Fahali wawili hawakai zizi moja. Basi ichaguliwe mapema programu moja ya kuwashia iwe mlinzi wa mlango, na mifumo mingine iandikishwe kwake.

Kwa diski ya gigabaiti 500, mgawanyo wangu ni huu: gigabaiti 1 kwa kuwashia, 8 kwa kubadilishana, 40 kwa kila mmoja wa mifumo mitatu, yaani 120, na 371 zinazobaki ziwe za /shirika. Diski zilizopangwa kwa mtindo wa zamani, ulioanza mwaka 1983, haziruhusu zaidi ya mafungu makuu manne, hata ikabidi moja ligeuzwe kuwa chombo cha mafungu madogo. Mtindo mpya wa GPT kwa kawaida huwa na nafasi 128. Fungu la shirika liundwe kwa kutumia mfumo ulio wa zamani kuliko yote, kwa kuwa zana mpya huongeza sifa ambazo mifumo ya zamani haizielewi. Katika faili la /etc/fstab la kila mfumo, fungu hilo litajwe kwa namba yake ya utambulisho, si kwa jina kama sda5, maana majina hayo hubadilika diski ikiongezwa. Mwisho, kiundwe kikundi cha watumiaji chenye namba moja katika mifumo yote, tuseme 2000, na folda za shirika ziwe mali ya kikundi hicho.

Mashaka ya wenzangu

Wapo waniambiao kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kompyuta moja huweza kuigiza nyingine ndani yake. Ni kweli, na penye mashine yenye nguvu ningeichagua njia hiyo. Lakini mashine ya kuigiza yataka kumbukumbu yake na ya mwenyeji wake kwa wakati mmoja. Kompyuta kuukuu yenye gigabaiti 2 itabeba mfumo mmoja kwa raha. Miwili kwa pamoja itailemea. Mifumo ya zamu huipa kila kazi nguvu yote ya mashine.

Wengine huniuliza kama kuta za mafungu zinalinda siri. Hapa sina budi kusema wazi: hazilindi. Ruhusa za mafaili hutekelezwa na mfumo uliowashwa. Mwanafunzi mwenye mamlaka ya msimamizi katika mfumo wa majaribio aweza kufungua kila fungu la diski ambalo halikusimbwa. Kwa hiyo mitihani isikae katika mashine hiyo ila imesimbwa kwa nywila, na bora zaidi isikae humo kabisa. Ukuta wa kibanja humkumbusha jirani mwema mpaka wake, haumzuii mwizi.

Na wapo wadhanio kwamba wakishatenga mafungu wamekwisha hifadhi kazi zao. Huu ndio upotovu wa hatari kuliko yote. Mafungu yote hukaa katika diski moja, nayo ikifa hufa yote. Ni kweli mafungu ya aina ya ext4 hutunza shajara, yaani mfumo huandika kwanza jambo unalokusudia kulifanya ndipo ulifanye, ili umeme ukikatika upate pa kuanzia. Hilo hulinda mpangilio wa fungu; haliirudishi insha ambayo haikuhifadhiwa. Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ardhi lilibomoa majengo mengi mjini Bukoba na kando yake, zikiwamo shule za Ihungo na Nyakato. Aliyeyaona maghofu yale haulizi tena kwa nini nakala ya pili ikae katika jengo jingine.

Hitimisho

Hapa Miembeni niishipo, kijana akinijia na kompyuta yake kuukuu na kuniomba nimsimikie Linux, sianzi kwa mashine. Humpa karatasi na penseli nikamwambia achore mstatili, kisha augawe, na katika kila fungu aandike: hiki cha nani, na nani mwingine atakitumia? Wengi hudhani ni kazi ya dakika mbili. Huwachukua saa nzima, nao hubishana, na katika kubishana huko hujifunza zaidi ya yale ambayo ningewaeleza kwa mhadhara.

Nawasihi walimu wenzangu wafanye zoezi hilo darasani, hata penye kompyuta moja na wanafunzi 40, maana mchoro hauhitaji umeme. Kisha watafute diski moja ya zamani isiyo na kitu cha thamani, waiache darasa iigawe, iivuruge na kuigawa tena. Somo la kompyuta likiwa la kubofya vitufe peke yake litatupatia watumiaji. Likiwa la kuuliza kipi kinaweza kufutwa na kipi hakiwezi, litatupatia mafundi wenye kuona mbali.

Vijana wale wa kipimamvua walianza upya mwezi uliofuata. Takwimu zao sasa ziko katika fungu la shirika, zina nakala katika diski nyingine iliyo jengo jingine, na bado, kwa agizo lao wenyewe, huandikwa pia daftarini kwa kalamu.